Risasi Thelujini: Maelezo Juu ya Istilahi za Vifuatilishi Nururifu vya Asili

Mwalimu mmoja wa jiografia katika shule ya sekondari ametuletea swali ambalo tumeona linastahili kujibiwa kwa urefu. Alikuwa akiwaeleza wanafunzi wake jinsi wataalamu wanavyopima umri wa barafu ya milimani, naye akaandika ubaoni kwamba katika theluji ya milima ya Alps mna risasi inayotoa mionzi, na kwamba baada ya nusu ya maisha yake, ambayo ni miaka 22, risasi hiyo huoza. Mwanafunzi mmoja akataka kujua ni vita gani vilivyopiganwa huko juu. Wa pili akauliza kama theluji hiyo ni sumu. Wa tatu, ambaye bila shaka ni hodari wa hesabu, akasema kwamba ikiwa nusu ya maisha ni miaka 22, basi risasi yote itakuwa imekwisha baada ya miaka 44. Mwalimu anatuuliza: kosa ni la nani?

Maswali hayo matatu si ya upuuzi. Kila moja limezaliwa na neno moja, na kila neno kati ya hayo linapatikana katika vitabu na magazeti yetu. Mwanafunzi alifikiri barabara. Aliyempotosha ni istilahi. Kwa hiyo katika makala haya tunakusudia kueleza jambo lenyewe, yaani vifuatilishi nururifu vya asili katika theluji na barafu ya milima, na papo hapo kuyapima maneno yanayotumika au yanayoweza kutumika kulieleza.

Theluji, barafu na "mto wa barafu"

Yumkini wako watakaosema kwamba theluji si jambo letu. Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori vinatosha kuwajibu. Msomaji atakumbuka pia kwamba mjadala wa kwanza wa istilahi ya theluji katika nchi hizi ulitokea zamani, mwezi Mei 1848, pale mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomuuliza kiongozi wake weupe ule ni nini, alijibiwa kwamba kiongozi hakujua, ila alidhani ni baridi. Mabingwa wa jiografia wa London, hasa William Desborough Cooley, hawakukubali kwa miaka mingi kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Kwa maoni yetu yule kiongozi alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mabingwa hao: alikosa jina la kitu, akakitaja kwa sifa yake, na sifa hiyo ilikuwa sahihi.

Leo tunayo maneno mawili. Theluji imetoka katika Kiarabu, na barafu katika Kiajemi. Ni ajabu kidogo kwamba huko Uajemi neno hilo lina maana ya theluji hasa, ile laini inayoanguka. Lilipofika kwetu likashika kile kitu kigumu cha kupozea vinywaji. Tofauti hii ambayo Kiswahili kimejitengenezea ni ya manufaa makubwa. Theluji ni ile inayoanguka na kukaa kama unga au pamba. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa kitu kizima. Kati ya hizo mbili iko hali ya tatu. Theluji iliyopita kiangazi kimoja bila kuyeyuka huanza kushindiliwa na ile iliyoanguka juu yake, chembe zake zikakua na kukaribiana, lakini hewa bado inapita ndani yake. Wasemaji wa Kijerumani wa milima ya Alps wameipa jina linalotokana na neno lenye maana ya "ya mwaka jana". Sisi tunaona hakuna haja ya kukopa. Kiswahili kina neno kuukuu, na theluji kuukuu inaeleweka na kila mtu mara tu anapoisikia.

Tatizo liko kwenye ule mkusanyiko mkubwa wa barafu unaojikokota polepole kuteremka mlima kwa uzito wake. Vitabu vya shule vinaandika "mto wa barafu", na wengine wameuunga msemo huo ukawa "barafuto". Istilahi ya kwanza humfanya msomaji afikirie mto wa maji ulioganda. Ya pili ni fupi na inakubali viambishi vizuri, nasi tunaipendelea, kwa sharti kwamba itumike kwa barafu inayotembea tu. Ile iliyo juu ya Kibo, ambayo imekaa kama meza yenye kuta za wima, ni afadhali iitwe uwanda wa barafu.

Kuna neno moja zaidi ambalo tutalihitaji. Wataalamu hutoboa barafu kwa keekee yenye tundu katikati, wakatoa kipande kirefu cha mviringo chenye matabaka ya miaka yote, la juu likiwa jipya na la chini la kale. Wengine wamekiita "kiini cha barafu". Jina hilo halifai, kwa sababu kiini tumekwisha kukiweka katikati ya atomu, na katika somo hili hili tutakihitaji huko. Tunapendekeza mche wa barafu. Kila mwenye duka anajua mche wa sabuni, na kila mwalimu wa hesabu anajua mche duara. Umbo ni hilo hilo.

Jambo lenyewe

Katika udongo na miamba ya kila bara mna urani kidogo. Mahali pengine ni nyingi kiasi cha kufikiriwa kuchimbwa, kama huko Namtumbo katika Mkoa wa Ruvuma, lakini kidogo kidogo imo kila mahali. Viini vya atomu za urani-238 si imara. Kiini kimoja kimoja, kwa wakati usiotabirika, humeguka: hutoa chembe na kugeuka kuwa kiini cha elementi nyingine, nacho hicho kipya humeguka, na kuendelea hivyo hatua kwa hatua. Katika hatua ya sita hupatikana radiamu ikigeuka kuwa radoni-222, ambayo ni gesi. Hapo ndipo hadithi inapobadilika, kwa sababu gesi haikai udongoni. Hupenya nyufa, ikatoka juu ya ardhi, ikachukuliwa na upepo.

Radoni haidumu. Baada ya siku 3.8 nusu yake imekwisha kumeguka. Vizazi vinne vinavyofuata hupita upesi mno, vyote pamoja kwa muda usiofika saa chache, na mwisho hupatikana risasi-210. Hii si gesi tena. Atomu zake hujibandika kwenye vumbi na chembechembe zielezazo hewani, na baada ya siku kadhaa hurudi chini pamoja na mvua au theluji. Inapoangukia juu ya mlima wenye baridi ya kudumu, hufunikwa na theluji ya mwezi ujao, kisha na ya mwaka ujao, ikafungiwa humo. Tangu siku hiyo haipati nyongeza. Hupungua tu, kwa kiwango kinachojulikana. Anayepima kiasi kilichobaki katika kila tabaka anaweza kusema tabaka hilo lilianguka lini.

Hiyo ndiyo njia moja ambayo maumbile hutia alama katika theluji. Njia ya pili inatoka juu. Tarehe 7 Agosti 1912 Victor Hess wa Austria alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000 akiwa na vyombo vya kupimia, akaona kwamba mionzi inazidi kadiri mtu anavyopanda. Kama ingalikuwa inatoka ardhini tu, ingalipungua. Mionzi hiyo hutoka mbali nje ya dunia, na inapogonga viini vya naitrojeni na oksijeni katika hewa ya juu huvivunja na kuzaa vitu vipya: beriliamu-7, beriliamu-10, kaboni-14, tritiamu, na kutokana na gesi ya argoni, klorini-36 na argoni-39. Navyo hivi huishia katika theluji na barafu, vingine kwa kuanguka na vumbi au maji, vingine kwa kufungiwa katika mapovu ya hewa.

(Msomaji atakuwa ameona kwamba tumeandika urani lakini beriliamu. Kutolingana huku kwa miishio ya majina ya elementi ni kero ya miaka mingi, na kunahitaji makala yake peke yake.)

Risasi, ndugu wa mahali pamoja

Sasa turudi kwenye swali la vita. Katika Kiswahili risasi ni madini, na risasi ni kile kinachotoka katika bunduki, kwa kuwa hicho cha pili kilitengenezwa kwa hicho cha kwanza. Wako waliopendekeza madini yaitwe "plumbi" ili kuondoa utata. Hatuwaungi mkono. Mafundi bomba, mafundi betri na wavuvi wanaotia vizito katika nyavu zao wanasema risasi, na haifai kumnyang'anya fundi neno lake kwa ajili ya utata ambao tarakimu tatu zinatosha kuuondoa. Risasi-210 haiwezi kuwa ya bunduki.

Lakini tarakimu hizo zina maana gani? Kila atomu ya risasi ina protoni 82 katika kiini chake. Idadi ya nyutroni hubadilika: risasi-206 ina 124, risasi-210 ina 128. Mwaka 1913 Frederick Soddy, akiwa Glasgow, alitafuta jina la atomu za namna hii zinazokaa katika chumba kimoja cha jedwali la elementi ilhali uzito wake ni tofauti. Daktari Margaret Todd, aliyekuwapo katika mazungumzo hayo, akampa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya mahali pale pale. Hivyo lilizaliwa neno isotopu. Tungaliweza kuunda neno letu, kwa mfano "mwenzachumba", na mwanafunzi angalilielewa haraka. Hata hivyo isotopu imekwisha kuingia katika hospitali na maabara zetu, inatamkika, na mataifa karibu yote yanaitumia. Iachwe.

Mionzi, unururifu, na neno sumu

Hapa ndipo penye jambo zito zaidi, kwa sababu kosa la neno huweza kumtia mtu hofu isiyo na sababu au kumwondolea hofu anayostahili kuwa nayo.

Katika magazeti neno mionzi hutumika kwa mambo matatu: kile kinachotoka, sifa ya kitu kinachotoa, na hata kitu chenyewe. Husemwa kwamba "chakula kina mionzi", "mionzi imemwagika", "mionzi imezikwa". Mionzi haimwagiki wala haizikwi, kama ambavyo mwanga wa taa haumwagiki. Kinachomwagika ni mafuta ya taa. Tunashauri basi tofauti hii ishikwe: mionzi ni kile kinachotolewa, unururifu ni tabia ya atomu ambazo viini vyake humeguka na kutoa mionzi, na kitu chenye tabia hiyo ni kitu nururifu. Tunajua kwamba unururifu umelaumiwa kwa sababu ya nuru iliyomo ndani yake. Wanaolaumu husema nuru kwetu ni baraka, tena huonekana kwa macho, ilhali mionzi hii haionekani. Lawama hiyo ina uzito. Lakini hata lugha nyingine zilipoita jambo hili zilitumia neno la mwali, na hakuna anayedai kuiona miali hiyo kwa macho. Neno lenye mzizi unaofahamika na vinyambuo vilivyo tayari, yaani nururifu, unururifu, kunururisha, mnururisho, halipaswi kutupwa kwa sababu ya hisia.

Kuhusu sumu: kipimo cha unururifu ni bekereli, nayo ni mmeguko mmoja kwa sekunde. Katika kilo nzima ya theluji ya milima ya Alps risasi-210 haifikishi hata bekereli moja. Mwili wa mtu mzima, kwa sababu ya potasiamu iliyomo ndani yake tangu kuzaliwa, una bekereli zipatazo 4,000. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeuliza kama theluji ni sumu angeweza kuambiwa kwamba yeye mwenyewe ni nururifu maelfu ya mara kupita kilo hiyo ya theluji. Kusema hivyo si kudai kwamba unururifu hauna madhara. Radoni inayojikusanya katika nyumba zisizopitisha hewa na katika migodi husababisha saratani ya mapafu, na hilo limethibitishwa. Ndiyo maana neno lazima liende na kiasi. Anayeandika "theluji yenye mionzi" bila tarakimu ameogopesha bila kufundisha.

Kumeguka, ukoo, na muda wa kubaki nusu

Mwalimu aliandika kwamba risasi huoza. Kuoza ni kazi ya viumbe vidogo. Kuna harufu, na kilichooza hakifai tena. Kiini cha atomu hakifanyi hivyo. Hutupa chembe na kubaki na umbo jingine, mara nyingi lililo imara zaidi. Tunapendelea kumeguka, na tendo lenyewe mmeguko, huku kupasuka kukiachiwa lile jambo jingine la kiini kizito kugawanyika vipande viwili vikubwa, kama katika vinu vya nishati.

Mfululizo wa mimeguko, tangu urani hadi risasi isiyomeguka, wataalamu wa lugha nyingine huueleza kwa maneno ya mama na binti. Sisi tuna neno ukoo, nalo latosha: ukoo wa urani. Mtu aweza kujaribu kwenda mbali zaidi, aseme mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe na kilembwekeza. Tumejaribu. Risasi-210 ni kizazi cha 11 tangu urani-238, na kabla ya kufika hapo hata wazee wetu wameishiwa majina.

Sasa lile swali la hesabu, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Katika vitabu hupatikana "nusu ya maisha", "nusu uhai" na "nusumaisha". Yote yamefuata neno la kigeni kiungo kwa kiungo, na yote yanamwongoza msomaji kwenye hesabu ya yule mwanafunzi: nusu mbili ni kitu kizima. Ukweli ni kwamba atomu haina maisha ya urefu maalumu wala haizeeki. Iliyokaa miaka 100 ina nafasi ile ile ya kumeguka kesho kama iliyozaliwa leo. Kinachojulikana ni tabia ya kundi kubwa: katika kila miaka 22 na ushei, nusu ya atomu za risasi-210 zilizopo humeguka. Miaka 22 mingine ikipita, hubaki nusu ya nusu, yaani robo, kisha thumni, na kadhalika. Ernest Rutherford aliliona jambo hili mwaka 1900, alipopima gesi itokayo katika thoriamu na kukuta inapungua kwa nusu kila dakika moja hivi.

Tumefikiria kuunda kitenzi kutoka nusu. Kwa bahati mbaya "kunusisha" kumekwisha kuwa na wenyewe, nao ni watu wa ugoro. "Kunusurisha" nako ni kuokoa. Kwa hiyo tumeona ni heri istilahi ndefu kidogo inayosema kweli: muda wa kubaki nusu. Hata mtu asiyepata kuisikia hawezi kuifikiria kuwa ni nusu ya muda fulani mrefu zaidi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Theluji mpya juu ya mlima ina milibekereli 80 za risasi-210 kwa kila kilo, na tunachukulia kwamba kiasi hicho kimekuwa hivyo miaka yote. Kwa kina cha mita 20 katika mche tunakuta milibekereli 10. Kutoka 80 hadi 40, hadi 20, hadi 10, ni mara tatu. Miaka 22 na ushei mara tatu ni kama miaka 67. Basi tabaka hilo lilianguka miaka 67 iliyopita, na kwa wastani mlima umejiongezea kama sentimita 30 kwa mwaka, zikipimwa baada ya kushindiliwa. Mara saba zikipita hubaki chini ya sehemu moja katika 100, na kupima kunakuwa kugumu. Kwa hiyo saa hii haifiki mbali zaidi ya miaka 150 hivi.

Kwa nini kifuatilishi

Neno kifuatilishi tumelitumia tangu mwanzo bila kulitetea. Njia yenyewe ilianzishwa na George de Hevesy pamoja na Friedrich Paneth mjini Vienna mwaka 1913, na inapendeza kujua kwamba kitu walichotumia kilikuwa ni hii hii risasi-210, ambayo wakati huo ilikuwa na jina jingine la maabara. Hevesy alikuwa ameshindwa kabisa kuitenga na risasi ya kawaida. Kutokana na kushindwa huko wakapata wazo: kwa kuwa haiwezi kutengana na risasi, itafuatana nayo kila iendako, na kwa kuwa inatoa mionzi, tutajua iko wapi. Wakapima kwa njia hiyo jinsi chumvi za risasi zinavyoyeyuka kidogo mno katika maji. Mwaka 1923 Hevesy alitumia isotopu nyingine nururifu ya risasi kuonyesha jinsi mimea ya jamii ya maharage inavyoifyonza kutoka kwenye mizizi kwenda majanini. Tuzo ya Nobel ilimfikia kwa kazi hiyo ya vifuatilishi, nayo ilikuwa ya mwaka 1943.

Wengine wamependekeza "kifuatiliaji". Lakini kifuatiliaji ni chenye kufuatilia, na hapa chenye kufuatilia ni mtaalamu. Chembe nururifu hutuwezesha sisi kufuatilia. Hiyo ni kauli ya kusababisha, na jina lake kwa kanuni za unyambuaji ni kifuatilishi. "Mpelelezi" kumetajwa pia, na kunafaa magazetini, si katika kitabu cha fizikia. Isotopu ileile inapotumiwa kujua umri badala ya njia, tunaona inafaa kuitwa kipimaumri, ili kazi mbili zisichanganyike.

Yaliyopatikana milimani

Risasi-210 ilipendekezwa kuwa kipimaumri cha barafu na Edward Goldberg mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikajaribiwa katika theluji ya Antaktiki, kisha Greenland, na mwaka 1967 yakachapishwa matokeo ya barafuto ya milima ya Alps. Mwaka 1983 Heinz Gäggeler na wenzake walieleza kazi yao ya Colle Gnifetti, mahali penye urefu wa mita 4,450 hivi katika Monte Rosa, mpakani mwa Uswisi na Italia. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu barafu yake ni ya baridi kali, wala maji ya kiangazi hayapenyi kuosha matabaka. Hili ndilo sharti kuu la njia nzima. Barafu inayoyeyuka na kuganda tena ni kama daftari lililolowa.

Kupima kwenyewe kuna ujanja wa kupendeza. Mionzi ya risasi-210 ni dhaifu mno, kwa hiyo wataalamu hungoja. Ndani ya barafu risasi-210 humzaa bismathi, naye bismathi humzaa poloniamu-210, ambayo hutoa chembe za alfa zenye nguvu na rahisi kuhesabika. Baada ya mwaka mmoja hadi miwili mtoto huwa amelingana na mzazi kwa idadi ya mimeguko. Maji yaliyoyeyuka hutiwa asidi, kisahani cha fedha hutumbukizwa humo, poloniamu hujibandika juu yake, na kinachohesabiwa ni hiyo. Anayehesabiwa ni mjukuu; anayetafutwa ni babu.

Vifuatilishi hivi hueleza pia theluji imetoka katika hewa ya namna gani. Risasi-210 asili yake ni ardhini, beriliamu-7 asili yake ni juu. Theluji yenye beriliamu-7 nyingi ikilinganishwa na risasi-210 imepitiwa na hewa iliyoshuka kutoka juu sana. Kinyume chake kikitokea, hewa imepanda kutoka mabondeni. Katika milima ya Alps risasi-210 huzidi wakati wa kiangazi, jua linapoipasha ardhi joto na hewa ya mabondeni kupanda hadi vileleni. Beriliamu-7 ina muda wa kubaki nusu wa siku 53, hivyo inafaa kwa habari za miezi michache tu.

Kwa umri mkubwa zaidi hutumiwa kaboni-14, yenye muda wa kubaki nusu wa miaka 5,730, ikitolewa katika chembe ndogo mno za masizi na vumbi hai zilizonaswa katika barafu. Kwa njia hiyo barafu ya chini kabisa ya Colle Gnifetti imeonekana kuwa na zaidi ya miaka 10,000. Kati ya risasi-210 na kaboni-14 palikuwa na pengo la karne kadhaa. Argoni-39, ambayo muda wake wa kubaki nusu ni kama miaka 270, ndiyo ya kuliziba, lakini ni adimu mno. Mwaka 2019 watafiti wa Heidelberg na wenzao walitangaza kwamba wameweza kuhesabu atomu zake moja moja kwa kuzinasa kwa miali ya leza, wakitumia kilo chache tu za barafu ya milima ya Alps.

Hayo yote yana faida gani kwa mtu asiye mtaalamu? Mwaka 2006 ulitobolewa mche katika barafuto ya Naimona'nyi, kusini mwa Tibet, kwa urefu wa mita 6,050 hivi. Watafiti walitafuta tabaka la miaka ya 1950 na 1960, ambalo hujulikana kwa mabaki nururifu ya majaribio ya mabomu ya nyuklia. Hawakulikuta. Tabaka hilo halikukosekana kwa sababu theluji haikuanguka. Lilikosekana kwa sababu lilikwisha kuyeyuka pamoja na yote yaliyokuwa juu yake. Barafuto ilikuwa inapungukiwa kutoka juu, mahali ambapo wengi walidhani bado inajilimbikiza, na mito inayoanzia katika milima hiyo inategemewa na mamilioni ya watu.

Kilimanjaro nako miche sita ilitolewa mwaka 2000 na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State pamoja na wenzake, mirefu zaidi ikiwa ya mita 50 hivi. Katika makala yao ya mwaka 2002 walikisia kwamba barafu ya chini ina miaka 11,700. Umri huo haukutokana na risasi-210, ambayo haifiki huko. Ulikisiwa kwa kulinganisha matabaka na kumbukumbu za tabianchi za mahali pengine, na wataalamu wengine wameubishia. Wakati huo huo eneo la barafu, lililokuwa kama kilomita za mraba 12 mwaka 1912, limepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mwanafunzi wa Moshi atakayetaka kulisoma jambo hili kwa lugha anayofikiri nayo atahitaji maneno haya, na barafu yenyewe haitangoja kamati.

Asili na bandia

Linabaki jambo moja la mpaka. Tabaka la mabomu, ambalo kilele chake ni mwaka 1963, na sesiamu-137 ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986, si vifuatilishi vya asili ingawa wataalamu huvitumia sana kusahihisha saa ya risasi-210. Tunapendekeza viitwe vifuatilishi bandia. Tritiamu ni ya pande zote mbili: maumbile huitengeneza, na mabomu yaliiongeza maradufu nyingi. Kwake yeye mwandishi hana budi kutaja anazungumzia ipi.

Juu ya barafuto nyingi huonekana pia vishimo vidogo vyenye tope jeusi chini yake. Tope hilo ni vumbi lililochanganyika na viumbe vidogo. Linapopata joto la jua huyeyusha barafu iliyo chini na kujichimbia. Adolf Nordenskiöld alilieleza huko Greenland mwaka 1870 na kulipa jina la Kigiriki lenye maana ya vumbi la baridi. Limeonekana kukusanya risasi-210 na sesiamu-137 kwa wingi kupita kiasi kilichomo katika barafu inayolizunguka, kwa kuwa maji yanayoyeyuka huzipitisha hapo nazo zikanata. Kwa tope hilo hatujaridhika na jina lolote. "Vumbi la barafu" huenda likadhaniwa kuwa ni chembe za barafu yenyewe, na "tope la barafu" ni lile la barabarani katika nchi za baridi. Msomaji mwenye neno zuri zaidi, hasa aliyekulia katika miteremko ya Kilimanjaro au Ruwenzori, anaombwa atuletee.